Kutoka Rusumo mpaka Berlin: nikiitafuta Ngara ndani ya makumbusho

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, mnisamehe bure. Kulikuwa na karatasi mbili za kukabidhi, halafu jioni nabeba boksi kama kawaida ya ughaibuni, nikirudi chumbani hata kufungua kompyuta ni kazi. Leo Jumapili, nje kuna baridi ya kung'ata masikio, nimechemsha chai ya tangawizi na sitoki. Nataka niwaandikie jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu nifike hapa. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una mtihani kesho nenda kapige msuli kwanza, utarudi.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa makumbusho. Nimekua Ngara nikiamini historia ni kitu cha watu wa Kilwa, Bagamoyo na Songea. Shuleni tulikariri Karl Peters, Mkwawa, Maji Maji, desa likaisha. Simkumbuki mwalimu aliyetamka neno Ngara kwenye kipindi cha historia, labda akitaja wakimbizi. Kitu cha kale nilichokijua kilikuwa kimoja tu: boma la Wajerumani pale Biharamulo, maana mama ni mtu wa huko. Tukienda kwa bibi Krismasi tulilipita: kuta nene, nyeupe, limekaa kama ngome. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye likakarabatiwa likawa nyumba ya wageni. Sisi watoto tulichokijua ni kwamba Wajerumani walikuwa wakali na eti wamefukia dhahabu mahali fulani. Hiyo ndiyo ilikuwa historia yangu yote, jamani, ukali na dhahabu.

Basi nikaja Berlin. Mpaka mwisho wa 2024 mji huu ulikuwa na utaratibu mzuri kwa sisi wenye mifuko iliyotoboka: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho mengi yalikuwa bure. Mtu wa bure hakatai. Nikawa naenda kila mwezi na mwenzangu mmoja anayesoma udaktari hapa, Mnyarwanda wa Kibungo. Kibungo na Ngara ni pua na mdomo, katikati ni mto Kagera tu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunaitana Jirani. Nitamwita hivyo hivyo humu.

Tulianza na makumbusho ya viumbe, ile yenye mjusi wa Tendaguru. Ndugu zangu, picha za vitabuni hazisemi kitu. Unaingia ukumbini unakutana na mifupa yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, kichwa kiko huko juu kama twiga aliyekasirika. Alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Takriban tani 230 za mifupa na mawe zilitolewa pale, zikabebwa kwa vichwa na mabega vya watu mpaka bandarini Lindi, ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Nikajikuta namwambia Jirani kwa majivuno, "Huyu ni wa kwetu." Jirani akacheka. "Ngara na Lindi ni wapi na wapi? Wewe ukifika Lindi si utakuwa mgeni kama ulivyo hapa?" Kweli kabisa, kutoka kwetu mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita elfu moja na sijawahi kufika. Ila lile swali lilinibana. Kama Lindi wana mjusi, Kalenga wana fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, Songea wana mashujaa wao, sisi wa Ngara na Biharamulo tuna nini humu Berlin? Hapo ndipo nilipoanza kutafuta.

Nianze na sababu ya vitu vyetu kuwa huku. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vitakavyokusanywa na misafara iliyolipiwa na dola kwenye makoloni vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya kifalme ya Berlin, na vikizidi ndipo wengine wagawiwe. Kwa hiyo kila ofisa, daktari au mpelelezi aliyepita na ngoma, mkuki au kikapu cha mtu, njia yake ilielekea hapa. Siku hizi sehemu ya mkusanyiko huo imewekwa kwenye Humboldt Forum, lile jengo lililojengwa upya kwa sura ya ikulu ya zamani katikati ya mji. Mwishoni mwa 2024 walifungua humo onyesho maalumu la historia za Tanzania kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya kwetu. Nyingi ya mali zenyewe ziko ghalani, mgeni wa kawaida hazioni.

Lakini orodha nyingi zipo mtandaoni, ukiwa chumbani unasoma. Usiku mmoja nikakaa, nikaandika neno Ngara. Halafu nikajishtukia mwenyewe. Mjerumani wa mwaka 1894 angeijuaje Ngara? Hapakuwa na wilaya ya Ngara wakati huo. Aliyepita kwetu aliandika "Ussuwi" au "Usui" kwa nchi ya Washubi, kuanzia upande wa Biharamulo mpaka Rulenge. Na Bugufi, yaani kwa Wahangaza, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, kwa hiyo kitu kilichochukuliwa Bugufi kingeandikwa "Urundi". Mnaelewa maana yake? Mtu wa Ngara akitafuta kwao chini ya jina Tanzania anaweza kupitwa na kwao. Inabidi ajifanye Mrundi kwanza, au ajue Kiswahili kilichoandikwa kwa masikio ya Mjerumani.

Hilo lilinipeleka maktaba, na maktaba ikanipeleka mtoni. Maana niligundua kwamba historia ya kwetu, ukiipanga, karibu yote inapita kwenye njia ya misafara na kwenye kivuko cha Kagera.

Wa kwanza kuandika habari zetu kwa kirefu ni Waingereza wawili, Speke na Grant, waliopita Usui mwaka 1861 wakitafuta chanzo cha Nile. Mtawala wa Usui aliitwa Suwarora. Kitabu cha Speke kilichotoka 1863 kimejaa malalamiko juu yake: hongo, hongo, hongo. Nguo, shanga, koili za waya wa shaba. Walikaa wiki kadhaa wakisubiri ruhusa na Suwarora mwenyewe hawakuwahi kumtia machoni. Nilipokuwa nasoma nilianza kumwonea Speke huruma, halafu nikasita. Hebu mfikirie Suwarora. Watu wenye bunduki wanataka kupita nchini mwako kwenda kwa jirani yako Karagwe na mbele mpaka Buganda. Wewe una watu wa kulinda na njia ya kutunza. Utawaacha wapite bure? Leo hii lori likifika mpaka wa Rusumo linalipa na dereva anasubiri karatasi zake, hakuna anayeandika kitabu kusema Watanzania wana tamaa. Suwarora alikuwa mtu wa forodha, basi.

Mwaka 1892 akapita Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Wajerumani. Alivuka kutoka Usui kuingia Burundi, na ameandika kwamba wananchi walimshangilia wakidhani ni Mwezi, mtawala wao wa kale, amerudi. Alifuata mto Ruvuvu na kutangaza kwamba chanzo cha Nile kiko huko. Ruvuvu huo huo, unaokutana na Kagera pale juu ya maporomoko ya Rusumo. Wazungu walizunguka dunia kuutafuta mto ambao sisi tunafulia nguo.

Halafu mwaka 1894 akaja Gustav Adolf von Götzen. Huyu mkumbukeni. Kijana wa kikabaila, alianzia Pangani mwishoni mwa 1893 na mamia ya wapagazi na askari, akapita Usui wakati wa mtawala Kasusura, na mapema mwezi Mei 1894 akavuka Kagera pale Rusumo kuingia Rwanda. Alionana na Mwami Rwabugiri, akafika ziwa Kivu, akaendelea mpaka bahari ya Atlantiki. Kuanzia 1901 mpaka 1906 alikuwa gavana wa koloni lote. Vita vya Maji Maji vilianza akiwa gavana, na mashamba na maghala ya chakula yalichomwa, watu wakafa kwa njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukadiria vifo kati ya 75,000 na 300,000. Jina lake likapewa meli iliyozinduliwa 1915 ziwa Tanganyika, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua na kuiita Liemba. Ndiyo, hiyo hiyo Liemba ya Kigoma. Mimi nimeiona Liemba nikiwa mtoto, nikaambiwa ni meli ya zamani sana, basi. Nilikuja kujua Berlin kwamba ilikuwa imebeba jina la mtu aliyepita mlangoni kwetu.

Kuna Jumapili Jirani alinipeleka nje kidogo ya katikati ya mji, kwenye makumbusho ya Treptow. Ni ndogo, ukiiangalia kwa nje hutadhani. Humo wameeleza maonyesho ya makoloni ya mwaka 1896, ambapo watu 106 kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki waliletwa Berlin wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza, watu wa mji walipe kiingilio wawaangalie. Walikuwemo na watu wa Afrika Mashariki. Sasa kuna kijana mmoja wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, yeye alikwenda akanunua darubini ya kuangalizia tamthilia. Watu wakija kumkodolea macho, anaiweka machoni na yeye anawakodolea. Nilisimama pale muda mrefu. Miaka yote naandikiwa historia yangu na waliokuwa wanatazama, na huyu kijana na darubini yake amenionyesha kwamba hata aliyewekwa kwenye maonyesho ana macho.

Turudi mtoni. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walitoka Rwanda wakavuka Kagera. Mwezi Juni walikuwa Biharamulo, Septemba 19 wakaingia Tabora. Lile boma la bibi yangu likabadilisha bendera. Wabelgiji walikaa mpaka 1921 ndipo Waingereza wakachukua. Hesabu mwenyewe: mtu aliyezaliwa Biharamulo mwaka 1900, alipofikisha miaka 21 alikuwa ameshatawaliwa na Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza, bila kuhama nyumba.

Na hapo ndipo penyewe, hapo ndipo mimi na Jirani tulipokaribia kugombana kwa kicheko. Mei 30, 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walitia sahihi mkataba wa kugawana mawindo. Rwanda na Burundi ziende kwa Mbelgiji. Lakini Mwingereza alikuwa na ndoto ya reli kutoka Cape mpaka Cairo, akataka ukanda upande wa magharibi wa Kagera. Akapewa Gisaka, ambako ndiko Kibungo kwa kina Jirani. Akapewa na Bugufi, ambako ndiko kwetu. Mwami Musinga wa Rwanda akalalamika, wamisionari wakalalamika, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudishwa Rwanda. Bugufi haikurudishwa Burundi. Ikabaki Tanganyika, na ndiyo sehemu ya Ngara ya leo.

Yaani, jamani. Kwa kalamu ile ile, Jirani alikuwa awe Mtanzania na mimi nilikuwa niwe Mrundi. Jirani akaniambia, "Kwa hiyo wewe umesahaulika kurudishwa." Nikamjibu, "Na wewe umekosa Kiswahili fasaha." Tulicheka mpaka mlinzi wa maktaba akatutazama. Lakini nilipofika chumbani sikucheka tena. Nilikumbuka nilivyokuwa sekondari mbali na nyumbani, wenzangu wakinisikia naongea Kihangaza na ndugu yangu wakasema, "Hawa wakimbizi hawa." Nilikuwa nakasirika, naapa kwamba mimi ni Mtanzania kabisa kabisa. Sasa najua kwamba lugha yangu inafanana na Kirundi kwa sababu babu zangu hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka wao.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Kuna watu wanapenda nisiandike haya, ila bila haya habari ya mto haijakamilika.

Kwenye miaka ya ukoloni hawakuchukua vikapu na ngoma tu. Walichukua na watu waliokufa. Makumbusho ya Berlin yalirithi mafuvu mengi yaliyokusanywa enzi zile kwa ajili ya ile waliyoiita sayansi ya kupima vichwa. Watafiti wakachunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki, wakatangaza matokeo 2023: 904 ni ya Rwanda ya leo, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, machache hayakujulikana. Ya Rwanda mengi yalikusanywa na Jan Czekanowski, mtaalamu wa msafara wa mwaka 1907 na 1908. Kwa baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro vipimo vya vinasaba vilipata mpaka ndugu walio hai. Wakuu wa makumbusho walisema wako tayari kuyarudisha. Na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa familia za Maji Maji.

Mafuvu hayako kwenye maonyesho, na ni vizuri hivyo. Tulisoma habari zake tu, tumekaa kwenye benchi nje, tunakula mkate. Jirani alinyamaza muda. Mimi namjua, akinyamaza ujue amefika 1994.

Kwa ambao ni wadogo: Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kule Rwanda. Miili ilitupwa mtoni, Kagera ikaibeba ikapita mbele ya macho ya watu wa kwetu, ikaenda mpaka ziwa Victoria. Uganda waliopoa na kuzika zaidi ya watu 10,000 kando ya ziwa, kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo. Halafu Aprili 28 na 29, ndani ya saa 24 hivi, watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ndani ya umati huo walikuwemo waliokimbia kuokoa roho, na walikuwemo walioua. Mama yake Jirani alikuwemo, amembeba Jirani mgongoni, ana mwaka mmoja na kitu. Upande wa baba yake hakupona mtu.

Kambi ikaota pale Benaco, kambi kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano ya barabara iliyowahi kuweka kituo hapo. Wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Miti iliisha kwa kuni, visima vilikauka, bei za soko zilipanda na kushuka kama wazimu. Desemba 1996 serikali ikaamuru Wanyarwanda warudi, mamia ya maelfu wakavuka tena daraja lile lile. Mpiga picha Sebastião Salgado wa Brazil alipiga picha za Benaco, zimezunguka kumbi za maonyesho za dunia. Mimi niliziona kwenye kitabu kikubwa cha picha maktaba. Moshi, vumbi, miili, maturubai mpaka upeo wa macho. Nikatafuta kama kuna mlima ninaoujua.

Angalieni tarehe sasa. Götzen alivuka Rusumo mapema Mei 1894. Umati ulivuka mwishoni mwa Aprili 1994. Miaka mia moja kasoro siku chache. Sisemi moja imeleta lingine, historia haiendi hivyo na mwalimu wangu angenipa sapu. Nasema tu ni kivuko kile kile, na kilichobaki makumbushoni ni kilichoshikwa na waliopita. Msafiri ameandika kitabu, mwanajeshi ameweka ramani, mpiga picha ana picha. Mwenyeji aliyesimama pembeni akiwa na ndizi zake, yeye ameacha nini?

Jirani pale kwenye benchi alisema kitu kimoja tu. "Sisi nyumbani bado tunatafuta wetu wa 1994 tuwazike. Kumbe na wa 1907 nao hawajazikwa." Halafu akauliza basi linakuja saa ngapi.

Usiku ule nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko kuna theluji?"

Nikamwambia theluji ipo. Nikamuuliza, baba, mwaka wa Benaco wewe ulikuwa unafanya nini? Kimya kidogo. Baba si mtu wa maneno mengi, na katika maisha yangu yote hajawahi kunikalisha chini kunieleza habari ya mwaka ule. Akasema alikuwa kijana, anauza ndizi kambini, anazipeleka kwa baiskeli. Kwamba siku za kwanza watu wa kijijini walitoa vyakula bure mpaka wakaona ghala zao zinaisha, ndipo wakaanza kuuza. Kwamba kuna mama mmoja wa Kibungo alikuwa anakuja kulima kwa bibi ili apate ndizi, akazoeana na bibi mpaka wakawa wanasali pamoja. Desemba 1996 yule mama alikuja kuaga mbio mbio, hakuwa na cha kutoa, akaacha kopo.

"Kopo gani?"

"Si hilo la kupimia maharage."

Nikanyamaza mimi sasa. Kopo hilo ninalijua tangu nazaliwa! Ni kopo la bati la mafuta ya kula ya msaada, limekatwa juu, rangi imebaki kidogo ubavuni, bendera ya Marekani unaikisia tu. Mama anapimia maharage, mahindi, kila kitu. Nimechapwa nikiwa darasa la pili kwa kulipoteza mtoni nusu siku. Sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Nimesafiri mpaka Berlin, nimeperuzi orodha usiku kucha natafuta kitu kimoja cha kwetu, na chenyewe kipo jikoni kwa mama juu ya gunia.

Nikamwambia baba, baba hilo kopo ni la makumbusho, litunzeni. Akacheka.

"Makumbusho ya nini? Bado linapima."

Nimelifikiria jibu hilo wiki nzima. Baba yuko sahihi kwa namna yake, kopo linalopima bado liko hai, ukilifungia kwenye kioo umeliua. Lakini na mimi niko sahihi kidogo, maana bati linatoboka na baba hataishi milele, na siku kopo likitupwa jalalani na yule mama wa Kibungo atakuwa ametupwa nalo. Ngoma za Bugufi labda ziko ghala gani, sijui chini ya jina gani, lakini angalau Mjerumani aliyezichukua aliandika tarehe. Sisi tulio na vitu mikononi hatuandiki.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi mimi na baba. Kopo linabaki jikoni. Mdogo wangu, aliye kidato cha pili na mwandiko mzuri, amekaa na bibi jioni tatu, amenunua daftari la kurasa mia, anaandika. Jina la yule mama bibi analikumbuka. Analikumbuka na la mtoto wake. Mwezi wa nane nikienda nyumbani nitapita Biharamulo nikakae na bibi wa upande wa mama, nimuulize habari za boma, safari hii siulizi dhahabu. Nitamuuliza nani walibeba mawe.

Jirani nimemsimulia habari ya kopo. Alitaka kujua jina la yule mama wa Kibungo. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, hamjui, Kibungo ni kubwa. Lakini ameliandika kwenye simu yake, atamuuliza mama yake.

Haya, chai imepoa na kesho nina kipindi saa mbili asubuhi. Nyie mlioko Dar, Mwanza, Mzumbe na kwingineko, mkipiga simu nyumbani wiki hii msiulize hela tu. Ulizeni kitu kimoja cha jikoni kimetoka wapi. Mtaniambia.